Kompyuta ya Kazi Mbili katika Nyumba ya Wakaanga Samaki

Vijana, hasa nyinyi mnaonunua kitu kwa kuangalia picha yake kwenye simu halafu mnalia kikifika, haya ni yenu. Kaeni chini. Na kama suruali imekubana huwezi kukaa, simama, lakini usinichezee simu nikiongea.

Mimi nimekaanga samaki hapo ufuoni Dunga tangu mama zenu wakifungwa nepi, na kabla ya hapo nilianika omena, wale dagaa wadogo, Asembo Bay, kwetu nilikozaliwa. Shule nilienda mpaka mahali ambapo mimi na walimu tulichokana. Sasa nimestaafu. Watu wanadhani mama samaki hastaafu, anakauka tu polepole kama omena. Si kweli. Goti langu lilisema imetosha, nikamwachia binti yangu Auma kibanda, karai, mwiko na wateja wote, pamoja na wale wanaouliza bei ya mkia peke yake.

Leo nataka niwaambie juu ya kompyuta. Mbona mnacheka? Kununua ni kununua. Aliyejifunza kununua samaki kwa mvuvi mwongo anaweza kununua chochote chini ya jua.

Aliyenifunza kununua alikuwa Mama Risper wa Asembo, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Siku yangu ya kwanza kwa mashua nilichagua samaki wa ngege wale wanaong'aa. Akanichapa mkono.

"Huyo unamuoa ama unamkaanga?"

"Nataka kumkaanga, Mama."

"Basi wacha kuangalia sura. Weka kidole."

Akanionyesha. Unabonyeza mgongo wa samaki. Nyama ikirudi juu, samaki ni wa leo. Ikibaki shimo, huyo ni wa mazishi. Kisha unafungua shavu uangalie ndani, kwa sababu ngozi inaweza kumwagiwa maji ing'ae lakini ndani ya shavu hakuna mtu anapaka rangi. Na kama unanunua beseni zima, unachukua mmoja, unampika, unaonja. Mvuvi akikataa usionje, mwachie beseni lake, mwambie asalimie watoto.

Hiyo ndiyo shule yangu yote. Sijaongezewa darasa lingine.

Sasa, vitu vya kazi mbili nilivichukia zamani, na nilikuwa na sababu. Pale Dunga kulikuwa na mwenzangu mmoja, Mama Jeni, alikuwa na karai moja tu. Asubuhi anaogeshea mtoto, mchana anakaangia samaki wa mbuta. Tukimwambia, anajibu, "Kitu kimoja kazi mbili, hiyo ndiyo akili. Nyinyi endeleeni kujaza nyumba na vyombo." Siku moja fundi wa ujenzi akanunua kipande kikubwa, akauma, akatafuna, akaacha kutafuna. Akamwangalia Mama Jeni vile unaangalia mtu aliyekukanyaga kanisani.

"Mama, hii mbuta umeikaanga ama umeiogesha?"

Watu walicheka mpaka mashua zikaacha kupakua. Mpaka leo hakuna mtu pale anasema "sabuni" mbele ya Mama Jeni. Mimi nikaweka moyoni: kitu cha kazi mbili kitakuharibia zote mbili.

Lakini nisiwadanganye kwamba mimi nilikuwa sahihi kila siku. Omena tulikuwa tunaanika kwa mchanga. Vijana wakaja na nyavu za kutandika chini, nikakataa. Wakaja na vitanda vya kuanikia vilivyoinuliwa, nikasema hiyo ni kiburi, samaki hahitaji kulala juu kama mgonjwa wa hospitali. Mama Risper ndiye aliyenikata maneno. "Wateja wako wananunua omena ama wananunua ufuo? Wanatafuna mchanga kama kuku." Nikainua vitanda. Simu nayo niliikataa, nikasema kama mtu ananitaka anajua kibanda changu. Leo simu ni tochi, ni benki, ni saa, na ndiyo inaniambia mashua gani imetua na nini. Hiyo ni kazi nne, na samaki hanuki sabuni. Kwa hivyo nilikuwa nimeanza kulegea.

Hapo ndipo mjukuu wangu Akinyi, binti ya Auma, akapata nafasi chuoni kusomea kuchora majengo. Huyu mtoto amechora tangu akitambaa. Alichora ukuta wa kanisa, akachapwa. Alichora ukuta wangu, akachapwa na mimi, lakini sikufuta. Chuo kikasema kila mwanafunzi aje na kompyuta yake. Nikasema nitanunua. Mashine moja, mara moja. Kibeti changu kilikuwa na pumzi moja tu, na tukikosea, Akinyi atabeba kosa letu mgongoni mpaka amalize masomo. Nataka muelewe hiyo vizuri. Sisi hatukuwa tunachagua kitambaa cha meza.

Akinyi akasema anataka ile ya mbili kwa moja.

"Mbili gani kwa moja gani?"

"Dani, ni laptopu, lakini ukitoa kibodi inakuwa tableti. Unachora juu ya kioo na kalamu yake."

Dani ni nyanya kwa lugha yetu. Mimi niliposikia "mbili kwa moja" nikamwona Mama Jeni na karai lake, nikashika kichwa.

Tukaenda mjini kwa Felix. Felix anauza kompyuta, na mama yake alikuwa mteja wangu, kwa hivyo nimemjua tangu hana meno. Siku hizi ana meno mengi na anayaonyesha yote akiona mteja.

"Mama, karibu. Hii ni laptopu na ni tableti. Mbili kwa moja."

"Bei ni ya moja ama ya mbili?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Kisha, bila kunionya, akashika ile mashine na kuing'oa kibodi, tak! Mimi nikamkamata mkono.

"Yawa! Umevunja! Akinyi, wewe ni shahidi, sisi hatujagusa!"

"Mama, ndivyo inavyotoka. Ni sumaku. Ona." Akairudisha, tak. Akaitoa tena, tak. Kama mtu anayecheza na meno ya bandia.

Nikaweka kidole mgongoni kwa ile mashine nikabonyeza.

"Mama, hapo usibonyeze sana."

"Basi si ya leo."

"Si samaki, Mama!"

"Kama ingekuwa samaki ungekuwa umeniambia ilitoka ziwa gani. Fungua shavu nione ndani."

Hapo Felix akaacha kucheka. Akakuna shingo, akasema ile mashine haifunguki. Imebandikwa na gundi. Kioo kikivunjika, mambo yote yako nyuma ya kioo. Na ile nafasi ya ndani, pumzi yake ya kufanyia kazi, huwezi kuongeza baadaye. "Unanunua ile utakayobaki nayo, Mama. Na akichora jengo kubwa lenye orofa nyingi, hii itapata joto na kutembea polepole. Si kwamba haitafika. Itafika, lakini ikihema."

Nilimpenda kwa hilo. Muuzaji anayekuonyesha shavu mwenyewe, mrudie.

"Na ile?" Nikaonyesha rafu ya chini. Kulikuwa na laptopu nyeusi, nene, imetumika ofisini ng'ambo ikachoka, nzito kama jiwe la kusagia wimbi.

"Ile ni ngumu, Mama. Ile ukiidondosha utahurumia sakafu. Na fundi yeyote anaifungua kwa bisibisi, anaongeza kitu, anafunga. Lakini haina kalamu, kioo chake hakiguswi, na stima ikipotea itakuaga haraka."

Akinyi alikuwa ameshika kalamu ya ile nyingine, hata hasikii. Alikuwa anachora mdomo wa Felix.

Nikasema, "Nipe hii nionje."

"Kompyuta haionjwi, Mama."

"Mama yako alionja samaki wangu mpaka ukaota meno. Nipe ile uliyoweka ya kuonyesha watu. Nitairudisha Jumamosi, na nikirudi nitanunua moja kati ya hizi mbili, sitaenda duka lingine."

Akaangalia juu, akaangalia chini, akaifunga kwa kitambaa. Tukabeba.

Sasa sikilizeni vile tulivyoionja, kwa sababu hamtapata haya kwa tangazo.

Kwanza ni nyepesi. Akinyi aliitia kwa mkoba wa kawaida, akatembea kutoka nyumbani Nyalenda mpaka Dunga bila kubadilisha bega. Ya pili, stima ilipopotea mtaani, vile inavyopenda, ile mashine iliendelea mpaka jirani akaja kuuliza kama tumeunganisha waya kinyume cha sheria.

Ya tatu ni hii. Chuo kilikuwa kimewaambia wanafunzi wapya wachore jengo lolote la karibu na kwao, waandike ukurasa mmoja wa kulieleza, watume kabla ya Ijumaa jioni. Walimu watatazama hizo kazi kupanga nani aanze wapi. Akinyi akachagua banda letu la kukaangia. Banda hilo limetutoa machozi miaka yote, na si ya huzuni. Moshi unaingia, unaona macho ya mama, unakaa.

Mashua zilikuwa zimetua, chini ni matope na magamba, hakuna meza, hakuna kiti. Akinyi akang'oa kibodi, akamwachia mama yake, akasimama katikati ya banda na kile kioo mkononi kama mhudumu wa hoteli. Akapiga picha ya paa. Kisha akaanza kuchora juu ya picha hiyo hiyo na kalamu: hapa tundu la moshi, hapa paa lipande, hapa jiko lisogee. Wanawake wakaacha wateja wakamzunguka.

"Akinyi, hapo mimi ndiye ninakaa. Usiniondoe."

"Sijakuondoa, Mama Jeni. Nimeondoa moshi."

"Mchore na mwili mzuri kidogo. Mpunguze hapa," mmoja akadakia.

"Kwa hiyo kazi kalamu moja haitoshi," mwingine akasema, na Mama Jeni akamtupia kichwa cha mbuta.

Ile laptopu nene ingefanya nini pale? Ungeifungulia wapi, juu ya kichwa cha nani? Nilisema moyoni, haya, kazi hii moja imenionyesha.

Lakini nilipotoka nje kwa jua kuona mchoro, niliona uso wangu mwenyewe. Kioo kilikuwa kimegeuka kioo cha kujitazama. Ikabidi tujifunike leso, mimi na Akinyi, kama kuku wawili chini ya kapu, ndiyo nione banda. Na kidole changu kikiwa na mafuta, mashine haisikii. Unagusa, haisikii. Unagusa tena, inafungua kitu ambacho hukukiita. Nilijipata naangalia hali ya hewa ya Uchina.

Nyumbani nikaiweka mapajani nione kama ni laptopu kweli. Ina kiguu cha nyuma cha kuisimamisha, chembamba kama mguu wa korongo. Kwa meza inasimama vizuri. Mapajani kwangu, na mnajua mapaja ya mama aliyekaanga samaki maisha yake yote si meza, ilianguka kwa nyuma. Nikaipandisha, ikaanguka tena. Kibodi yake nayo ni nyembamba kama andazi lililosahau kuumuka. Na tundu ni moja. Ukiweka chaji, huwezi kuweka kile kidude cha kubebea kazi. Ukiweka kidude, chaji ingoje nje. Ni kama nyumba yenye mlango mmoja na wake wawili.

Sasa nikae kwenye kosa lenyewe.

Kwangu tuko wanne: mimi, Auma, Akinyi, na kitinda mimba wangu Owiti, ambaye anaendesha bodaboda akikumbuka. Na ile mashine ilivyoingia, kila mtu aliiona ni yake. Hii ndiyo tabia ya vitu vya kazi nyingi, hakuna mtangazaji atakuambia. Jembe likiingia nyumbani, hakuna mtu anagombania. Lakini leta kitu kinachoimba, kinachoonyesha mpira, kinachopiga picha, kinachosoma Biblia kwa sauti, uone vile familia inakua. Auma alikitaka kile kioo aangalie namna ya kutengeneza keki, na hajawahi kutengeneza keki. Mimi nilikitaka cha mahubiri, nimelala, kimeegemea mto. Nilisema ni majaribio. Owiti alikitaka cha mpira. Na kwa sababu kinatoka, tak, kila mtu anachukua kipande chake na kwenda.

"Si kioo tu nimechukua?" Owiti alisema mara moja. "Kibodi si nimekuachia? Tumegawana."

Kama samaki. Wewe kichwa, mimi mkia. Akinyi alikuwa anapiga kelele siku ya kwanza. Siku ya pili alisema kidogo. Siku ya tatu alinyamaza, na sisi tukafikiri amezoea. Kwetu mtu akinyamaza tunasema amekubali.

Ijumaa mchana Akinyi alikuwa kibandani Dunga amemaliza mchoro, imebaki kuandika ule ukurasa. Akaenda kununua bando la intaneti. Kurudi, kioo hakipo. Owiti amepita, amekiona, amekibeba kuwaonyesha wenzake wa bodaboda, kule stejini wanakongojea abiria, mpira fulani wa marudio. Hata si mpira wa moja kwa moja! Watu wanajua nani alishinda!

Kibodi ilibaki kwa benchi. Sasa, ile kibodi mgongo wake ni kitambaa, bapa, nyepesi, ina ukubwa wa kipande cha katoni. Auma alikuwa na karai juu ya jiko, wateja wamesimama, makaa yanataka kuzima. Mikono yake inajua kazi kuliko macho yake. Akanyoosha mkono kwa benchi, akashika kitu bapa, akainama, akapepea jiko.

Na lilikubali, nitasema ukweli. Makaa yaliwaka.

Nilikuwa nimekaa pale pembeni napumzisha goti. Nikaona majivu yanapaa, nikaona herufi.

"Auma! Unapepea na nini?"

"Na katoni, Mama."

"Katoni gani ina A, B, C?"

Akaigeuza. Yawa! Majivu yalikuwa yameingia kila tundu, na kona moja imekunjamana kwa joto kama ngozi ya samaki aliyechelewa kugeuzwa. Mteja mmoja akasema, "Mama, hiyo ndiyo kompyuta ya kisasa? Naona inafanya kazi." Nikamwambia achukue samaki wake aende akale kwao.

Akinyi akasimama hapo na bando lake kwa simu. Hakulia. Aliangalia kibodi, akaangalia mama yake, akauliza, "Na kioo?" Mimi mwenyewe, na goti langu, nilipanda pikipiki ya mtu mpaka stejini. Nilimkuta Owiti amezungukwa na wanaume wazima, kioo kimeegemezwa kwa tangi la pikipiki.

"Mama, dakika za mwisho hizi."

"Ni zako," nikamwambia, nikakibeba.

Akinyi akaandika ukurasa wake kwa kidole, juu ya kioo, herufi zinatokea chini ya picha. Polepole, kama mtu anayechambua omena. Kila akikosea tunaguna wote, wateja pia. Jua likaenda linashuka, na ukurasa ukaenda. Ulifika. Chuo kikajibu kimepokea.

Nikafikiri juu ya hilo njiani kurudi. Kama ingekuwa laptopu ya kawaida Auma ameingiza majivu, ugonjwa ungekuwa wa mwili wote. Hii ilipoteza mkono, kichwa kikafanya kazi. Hiyo weka upande wa sifa. Lakini kama ingekuwa laptopu ya kawaida, Auma angeipepea vipi? Hiyo weka upande wa lawama. Nilijaribu kupima, mizani ikakataa kutulia.

Jumamosi tukarudi kwa Felix. Nikamwekea kibodi mezani, nikamwambia yote bila kuzunguka. Akaigeuza, akaigonga kwa kiganja, majivu yakamwagika juu ya meza yake safi. Akapuliza. Akaminya herufi moja moja. Karibu zote zilirudi, mbili zikakataa.

"Mama," akasema, "nimeletewa yenye uji. Nimeletewa yenye bia. Mtoto mmoja aliingiza ya kwao kwa ndoo ya maji kuiosha. Lakini hii ya jiko, hii nitaeleza wajukuu."

"Eleza, lakini usitaje jina."

"Kibodi ya hii inanunuliwa peke yake, nitatafuta nyingine, wewe utalipa. Huo ndio uzuri wake. Sasa umesema utanunua moja. Gani?"

Nikamgeukia Akinyi. Nilijua jibu, nilikuwa napapasa tu kwa mkono ndani ya blauzi nitoe kibeti. Akinyi akaonyesha rafu ya chini.

"Ile nyeusi, Dani."

"Ile jiwe?"

"Ile."

"Wewe si umelia wiki nzima unataka hii ya kalamu?"

"Hii ni nzuri. Nimechora nayo vile sijawahi kuchora." Alikuwa anaongea na meza. "Lakini ile nyeusi hakuna mtu atanigawia. Haitoki. Ni nzito, ni mbaya, haionyeshi mpira vizuri. Itabaki yangu."

Felix akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangwa. Auma, ambaye tulikuja naye, akaangalia barabarani.

Vijana, nimenunua samaki kwa watu wabaya. Nimeuziwa mbuta amejazwa mawe tumboni. Lakini sijawahi kuona mtu anachagua samaki aliyeoza kwa sababu nyumbani kwake kuna paka wengi. Huyu mtoto alikuwa tayari kwenda chuoni na mashine isiyomfaa, achore kwa kipanya, kile kidude cha kusukuma, miaka yote hiyo, ili tu sisi tusiitamani. Tulikuwa tumeonja mashine wiki nzima, na mashine ilikuwa imetuonja sisi.

Nikamwambia Felix afunge ile ya kalamu, mpya, yenye pumzi kubwa ya ndani kwa sababu haiongezeki, na ganda gumu la kuivalisha, na karatasi ya kuzuia kioo kung'aa kama ziwa, na kile kidude cha kufanya tundu moja kuwa matatu. Akinyi akafungua mdomo. Nikamwambia aufunge, tuko dukani.

Kwa hivyo mkiniuliza, nitawajibu hivi. Kama kazi yako ni kusimama, kuzunguka, kuchora, kupiga picha ya kitu na kuandika juu yake, nunua hii, na uilinde kama yai. Kama kazi yako ni kukaa na kuandika kutwa, ama huna meza na unaandikia mapajani, ama unataka fundi wa mtaani aweze kuifungua, nunua ile nene na uache kujiona. Jaribu kwa jua. Jaribu kwa mapaja yako mwenyewe, si ya muuzaji. Uliza bei ya kibodi kabla ya kuuliza rangi. Na kabla ya hayo yote, angalia ni mikono mingapi iko kwenu, na ni mikono ya nani.

Jioni hiyo niliwakusanya sebuleni. Owiti alikuwa ameshasikia, alikuja anatabasamu, anauliza hii mpya sauti yake ikoje. Akinyi alikuwa anapanga nguo, anaondoka kesho yake. Nikasimama, na nikisimama kwa goti hili wanajua si salamu.

Nikasema: "Akinyi anaenda na mashine yake. Nzima, pande zote mbili. Hakuna mtu wa nyumba hii, na mimi nikiwa wa kwanza, atampigia simu kumuuliza kama anakuja nayo wikendi. Mkimtaka Akinyi, pigeni. Mkitaka mashine, tafuteni kazi."